Kutoka Ufukwe wa Nyasa hadi Msamvu: Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro na Watoto wa Ruvuma

 

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, swali moja huingia katika nyumba za Waislamu wa Mbinga na wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi hadi Mbamba Bay. Mtoto amefaulu, sasa aende wapi? Kwa mzazi wa Dar es Salaam hilo ni suala la kuchagua tu. Kwa mzazi wa Liuli ni suala la kuchagua, la nauli, la ada, la cheti cha kuzaliwa, na la usalama wa binti yake katika mji ambao yeye mwenyewe hajapata kuukanyaga, yote kwa wakati mmoja.

Jina ambalo haliachi kutajwa katika mazungumzo hayo ni Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kwa kifupi MUM. Hulitaja kwa fahari hata wale wasiokijua. Na kwa kuwa hawakijui, huzuka kauli mbili ambazo mwandishi amezisikia mara nyingi. Ya kwanza husema kwamba chuo kile ni madrasa iliyokuzwa tu, kwamba mtoto atatoka na elimu ya dini na kukosa kazi. Ya pili husema kwamba, kwa kuwa ni chuo chetu, mtoto wa Kiislamu atapokelewa hata kama alama zake hazikutosha. Kauli zote mbili si sahihi, na zote mbili zimewagharimu wazazi. Basi leo tukieleze chuo hiki kilitoka wapi, kinafundisha nini, na kinamtaka nini kijana wa Nyasa.

Tuanze na neno lenyewe. Kabla Waswahili hawajasema chuo kikuu, chuo lilikuwa jina la mahali anapokwenda mtoto na ubao wake kujifunza Kurani kwa mwalimu. Chuo cha namna hiyo kilifika maeneo ya Nyasa katika karne ya 19, pamoja na misafara iliyokwenda na kurudi kati ya ziwa na Kilwa, na hasa kwa mkono wa Wayao waliosilimu wakawa wafanyabiashara na walimu. Tusifiche kwamba misafara ileile ilibeba pembe za ndovu na pia watu waliotiwa utumwani. Historia yetu haina haja ya kupakwa rangi. Lakini ni kweli pia kwamba kusoma na kuandika, kwa herufi za Kiarabu, kulikuwapo katika nchi hizi kabla ya shule ya Mzungu.

Kisha wakaja wamisionari, na walikuja na mpango. Waanglikana wa UMCA walijenga makao yao katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, kisiwa ambacho leo ni cha Malawi, na kutoka hapo mashua zao zikawa zinapita kijiji baada ya kijiji. Mwaka 1901 waliteremsha majini meli ya Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu wao aliyekufa maji katika ziwa hilohilo mwaka 1895. Meli hiyo ilikusudiwa kuwa, pamoja na kazi nyingine, chuo cha kufundishia walimu. Fikiria, ndugu msomaji: zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Ziwa Nyasa lilikuwa na chuo cha ualimu kinachoelea. Upande wa nchi kavu, Wabenediktini walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na kutoka huko misheni zikapanda milima ya Umatengo zikashuka hadi ufukweni.

Baada ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, dini zote mbili zilienea kwa kasi katika kusini yote. Ila zilienea kwa njia mbili tofauti. Uislamu ulienea kwa walimu wasio na mshahara, kwa biashara, kwa ndoa na kwa tariqa. Ukristo ulienea kwa darasa. Na serikali ya Waingereza ilipoanza, katikati ya miaka ya 1920, kutoa ruzuku kwa shule, ruzuku ile ilikwenda kwa shule zilizofuata mtaala wake, ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa za misheni. Chuo cha Kurani hakikuingia katika hesabu hiyo. Mzazi Mwislamu wa ufukweni alibaki na mambo mawili mbele yake: ampeleke mtoto shule ya misheni na kuhofu atarudi na jina jingine, au ambakize nyumbani na dini yake, bila ya Kiingereza wala hesabu. Wengi walichagua la pili. Hatuna sababu ya kuwalaumu, wala hatuna sababu ya kuwalaumu wamisionari kwa kuwasomesha watu wao vizuri; hospitali za Liuli na Litembo, zilizoanzishwa na makanisa, zimewatibu Waislamu wengi. Lakini pengo lile ndilo lililozaa haja ya chuo kikuu tunachokizungumzia.

Juhudi za kuliziba hazikuanza jana. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza EAMWS, iliundwa mwaka 1945 chini ya ulezi wa Aga Khan, Sultan Muhammad Shah, ikajenga shule na misikiti katika nchi zote tatu. Baada ya uhuru jumuiya hiyo ilikuwa na mpango wa kujenga chuo kikuu hapa Tanzania. Mwaka 1968 ilipigwa marufuku, BAKWATA ikaundwa mwaka huohuo, na mpango wa chuo ukafa pamoja na wenyewe. Habari hiyo imeandikwa sana na kubishaniwa sana, na ukurasa huu hautaimaliza leo.

Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu ya 1969, na shule za misheni zikatwaliwa na serikali. Hapo mlango ulifunguka kwa mtoto wa Kiislamu kusoma sekondari bila ya kuulizwa ubatizo. Lakini sekondari zilikuwa chache na nafasi za chuo kikuu zilikuwa chache zaidi. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam peke yake, kisha Sokoine kuanzia 1984. Kijana wa Kiislamu aliyetaka chuo kikuu chenye mazingira ya dini yake alilazimika kuvuka mpaka. Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika mkutano wake wa Lahore mwaka 1974, iliamua kujenga vyuo vikuu viwili barani Afrika, kimoja Niger na kingine Uganda. Kile cha Uganda kilifungua milango yake Mbale mwaka 1988, na Watanzania wakawa miongoni mwa waliokwenda kusoma huko.

Mabadiliko yaliyofungua njia hapa nyumbani yalikuja na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1995, yaliyoruhusu watu binafsi na mashirika ya dini kuanzisha vyuo vikuu, chini ya Baraza la Ithibati. Vikafuatana haraka: Tumaini cha Walutheri, Mtakatifu Augustino cha Wakatoliki, Hubert Kairuki cha udaktari. Zanzibar ikapata viwili vya mashirika ya Kiislamu mwaka 1998, kimoja Tunguu, ambacho ni Chuo Kikuu cha Zanzibar, na kingine Chukwani, ambacho baadaye kilipewa jina la Dkt. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait aliyekianzisha. Waislamu wa Bara, pamoja na wingi wao wote, walikuwa bado hawana hata kimoja.

Sasa tunafika Morogoro. Katika eneo la Msamvu palikuwa na chuo cha mafunzo cha Shirika la Umeme, TANESCO, chenye madarasa, mabweni na ofisi. Mwaka 2004 Rais Benjamin Mkapa aliwakabidhi Waislamu majengo hayo ili wayafanye chuo kikuu, na mwenye kukabidhiwa akawa taasisi ya Muslim Development Foundation, MDF, ambayo ndiyo mmiliki. Mwaka 2005 chuo kikafunguliwa rasmi. Hiki ndicho chuo kikuu cha kwanza cha Waislamu Tanzania Bara.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa kuwa kuna jambo ambalo watu wa Mbinga wana haki ya kulijua. Mkapa, Mkatoliki mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alisoma katika seminari ya Kigonsera katika miaka ya 1950, hapohapo Mbinga, kabla hajaendelea Pugu na Makerere. Jina la Kigonsera leo ni la sekondari ya serikali ambayo kijana wa dini yoyote hupangiwa. Yaani aliyetoa majengo ya chuo kikuu cha kwanza cha Waislamu wa Bara alipata sehemu ya elimu yake katika misheni iliyokuwa mlangoni kwetu, wakati ambapo watoto wetu hawakuwa na mlango kama huo. Wapo waliosema alitoa kwa ukarimu. Wapo waliosema ilikuwa ni siasa ya kutuliza machungu, kwa kuwa katika utawala wake ndipo yalipotokea mauaji ya Mwembechai ya mwaka 1998. Mwandishi huyu anaona kwamba nia za watawala anazijua Mwenyezi Mungu, na majengo yanaonekana na kila mtu.

Machungu yale yana uhusiano na chuo kwa njia nyingine pia. Profesa Hamza Njozi, msomi wa fasihi, aliandika kitabu juu ya mauaji ya Mwembechai kilichotoka mwaka 2000, na serikali ikakipiga marufuku. Mtu huyohuyo baadaye akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, katika majengo yaliyotolewa na serikali ileile, akakiongoza kwa miaka mingi. Baada yake alikuja Profesa Mussa Assad, ambaye nchi nzima ilimfahamu alipokuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hadi mwaka 2019. Mmoja ni mtu wa maneno na mwingine ni mtu wa hesabu. Wazazi wanaohofia kwamba chuo kinaendeshwa na watu wasio na elimu ya dunia wangetazama tu majina hayo mawili.

Kuhusu masomo, MUM si chuo cha dini peke yake. Yamo masomo ya sanaa na ualimu, sayansi na ualimu, sheria pamoja na Sharia, mawasiliano ya umma, lugha na ukalimani, biashara, na masomo ya Kiislamu. Chini ya shahada zipo stashahada na astashahada, zikiwemo za maabara ya tiba, ununuzi na ugavi, na uandishi wa habari. Wanaopokelewa si Waislamu tu. Mwenye sifa hupokelewa, na hutakiwa kuheshimu kanuni za chuo, ikiwemo ya mavazi.

Katika orodha hiyo, mambo matatu yanamgusa mtu wa Nyasa kuliko anavyodhani.

La kwanza ni ualimu. Sekondari za kata zilijengwa kwa wingi nchini baada ya mwaka 2004, na ufukwe wetu nao ukapata zake. Aliyewahi kukaa karibu na moja ya shule hizo anajua mwalimu wa fizikia anavyosubiriwa kama mvua. Kijana wa Mbamba Bay anayesoma sayansi pamoja na ualimu anasomea upungufu aliouona kwa macho yake darasani kwake.

La pili ni sheria, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu watu wengi hawaoni faida yake mpaka msiba uingie nyumbani. Mahakama za kadhi za Tanganyika ziliondolewa katika mfumo wa serikali kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Sheria ya Kiislamu haikufutwa. Katika mambo kama mirathi ya Mwislamu, mahakama za kawaida zinaweza kuitumia. Ina maana mjane wa Kiislamu anayegombana na mashemeji zake juu ya shamba la kahawa au mtumbwi na nyavu za marehemu atafika katika Mahakama ya Mwanzo, mbele ya hakimu ambaye pengine hajawahi kusoma fungu la mke ni nini, na mabinti wanarithi vipi. Upande wa pili utadai kwamba marehemu aliishi kwa mila za kabila, kwa hiyo mila itumike, na kwa mila hiyo mjane huenda akatoka mikono mitupu. Mwanasheria aliyesoma sheria za nchi na Sharia kwa pamoja, anayejua kifungu cha sheria na aya ya mirathi, anayeweza kuandika maombi ya usimamizi wa mirathi kwa lugha ambayo mahakama inaipokea, ni mtu adimu katika nchi hii. Katika wilaya za pembezoni ni adimu zaidi. Mjane anayepoteza haki yake kwa kukosa mtu wa namna hiyo hapotezi kwa sababu sheria haipo. Ipo, ila hakuna wa kuisoma mbele ya hakimu.

La tatu ni biashara na benki zisizotumia riba. Benki ya Amana ilipoanza kazi mwaka 2011 ilikuwa ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, na benki nyingine kubwa zimefungua huduma za namna hiyo, kama CRDB kwa jina la Al Barakah mwaka 2021. Huduma hizi zinahitaji watu wanaojua murabaha na mudharaba kwa kina, si kwa kusikia hutubani.

Turudi kwenye ile kauli ya pili, ya kwamba chetu kitatupokea tu. Chuo binafsi hakijitungii kiwango chake cha chini. Kiwango hicho huwekwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyochukua nafasi ya Baraza la Ithibati mwaka 2005. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016, kiwango cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Programu nyingine hudai zaidi ya hapo. Na yuko kijana ambaye hakufika kidato cha sita, anayetaka kuanzia astashahada. Huyu anatakiwa awe amefaulu masomo manne ya kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Hapa ndipo watoto wetu wanapokwama. Kijana ana alama nzuri katika Maarifa ya Uislamu na katika Kiarabu, mzazi anafurahi, na siku ya maombi anaambiwa lile la Maarifa ya Uislamu haliingii katika hesabu na yaliyobaki ni matatu. Jambo hili lilitakiwa asikie akiwa kidato cha pili, si akiwa na bahasha mkononi.

Watu wa Ruvuma wana sababu ya pekee ya kuuliza juu ya ithibati. Songea iliwahi kuwa na chuo kikuu binafsi, tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph, kilichofundisha kilimo na teknolojia ya habari. Februari 2016 TCU ilikifutia kibali baada ya matatizo ya ubora na uendeshaji, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Waliolia siku ile walikuwa wazazi wa dini zote, na wengi walikuwa wameuza mazao ya misimu kadhaa. Hatulitaji tukio hili kwa kumfurahia mtu. Tunalitaja kwa kuwa jina la mtakatifu halikukizuia chuo kufungwa, na jina la Uislamu nalo halitakizuia. Mzazi aangalie orodha ya TCU ya mwaka husika, aangalie programu yenyewe na si jina la chuo pekee, ndipo atume maombi. Hatua hiyo haina gharama zaidi ya muda wa mtandao wa nusu saa, na kama ufukweni mtandao ni wa shida, mwalimu mkuu wa sekondari au ndugu aliyeko Songea anaweza kusaidia.

Sasa fedha. Katika milima ya Mbinga, ambako wakulima wanalima kwa ngoro, yale mashimo maarufu ya Wamatengo, ada hutoka kwenye kahawa. Huko chini ufukweni hutoka kwenye dagaa, muhogo na mpunga. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka, na malipo ya chama cha msingi yakija kwa wakati huwahi kufungua kwa vyuo, Oktoba au Novemba. Yakichelewa, mtoto huanza masomo kwa deni. Dagaa hawana msimu wa kuaminika kiasi hicho. Upepo ukivuma wiki mbili, hakuna ada. Kwa hiyo mzazi wa ufukweni asipange kulipa kwa mkupuo mmoja kabla hajauliza utaratibu wa awamu, na asidhani bweni na chakula vimo ndani ya ada mpaka aone kwa maandishi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi Julai 2005, mwaka uleule ambao chuo cha Morogoro kilifunguliwa, na mwanafunzi wa chuo binafsi chenye ithibati ana haki ya kuomba kama wa chuo cha umma. Kupata ni jambo jingine. Bodi hutazama uhitaji na hati za kuuthibitisha: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, saini za mdhamini na za serikali ya mtaa. Ni hapa ambapo yatima wa Kiislamu wa vijijini hukosa mkopo ambao uliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Baba alizikwa siku ileile kwa mujibu wa sunna, dua ikasomwa, na hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo. Miaka 10 baadaye mtoto anatakiwa athibitishe kuwa yeye ni yatima na hana karatasi. Maimamu wetu wanaoongoza mazishi wangeweza kulisema hili palepale makaburini bila ya kuvunja adabu yoyote.

Wapo pia waliokuwa wakiuacha mkopo huo kwa kuhofia riba, na hofu yao haikuwa ya kuchekwa. Bodi ilikuwa ikitoza asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kutunza thamani ya mkopo, na masheikh walitofautiana juu ya hukumu yake. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021 kwa agizo la Rais Samia Suluhu Hassan. Aliyeacha kuomba kwa sababu hiyo na akaendelea kuwakataza wadogo zake hana tena hoja hiyo, ingawa anaweza kumuuliza mwanachuoni wake juu ya ada nyingine ndogo zilizobaki.

Ukurasa huu una la kusema pia kwa wasio na mtoto wa kusomesha. Al-Azhar ya Cairo, iliyoanza katika karne ya 10, iliishi kwa wakfu: mashamba, maduka na nyumba ambazo wenyewe walizitoa ili mapato yake yalishe wanafunzi na walimu. Qarawiyyin ya Fez, ambayo mapokeo yanamtaja mwanamke, Fatima al-Fihri, kuwa ndiye aliyeianzisha mwaka 859, iliishi hivyohivyo. Sisi tulipewa majengo na serikali, tukapiga takbira, kisha tukamwachia mwanafunzi alipe kila kitu kwa ada yake. Chuo kinachotegemea ada pekee hupungukiwa pale idadi ya wanafunzi inaposhuka, na hapo hupungua walimu, na walimu wakipungua TCU huja kukagua. Misikiti ya Mbinga ni michache na si tajiri. Lakini ekari mbili za kahawa zilizowekwa wakfu kwa jina la wanafunzi wa wilaya zinaweza kumlipia nauli na vitabu kijana mmoja kila mwaka, na hilo haliwahitaji Waarabu wa mbali.

Limebaki lile la binti. Wazazi wengi wa ufukweni humruhusu kijana wa kiume aende popote, na binti wakamzuia akiwa na alama bora kuliko za kaka yake. Hoja yao ni umbali, na umbali ni wa kweli: kutoka Mbamba Bay hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 900. Zamani sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya mwanzo, kutoka ziwani kupanda hadi Mbinga, ambako masika gari lilikuwa linalala njiani. Barabara ile ya kilomita 66 sasa ni ya lami. Anayetoka vijiji vya kaskazini ya ufukwe bado hutegemea meli au barabara ya vumbi kufika Mbamba Bay au Mbinga, na yeye aongeze siku moja katika hesabu yake.

Kutoka Songea basi huondoka alfajiri, likapita Njombe, Makambako, Iringa na Mikumi. Halilazimu kufika Dar es Salaam. Abiria wa chuo hushuka stendi ya Msamvu jioni, na chuo hakiko mbali na stendi hiyo. Binti anayesafiri mara ya kwanza asindikizwe na mahramu wake, na mahramu huyo aingie naye ndani. Aone bweni la wasichana liko wapi na linafungwa saa ngapi, aone msikiti, amwone mlezi wa wanafunzi na kuchukua namba yake ya simu, ndipo apande basi la kurudi kusini. Kwa wasio na uwezo wa nauli ya watu wawili, wanafunzi wa Ruvuma waliotangulia huwapokea wenzao stendi wakipewa taarifa mapema, na taarifa hiyo itolewe kabla basi halijaondoka Songea, kwa kuwa njiani simu hukosa mtandao.